Sungura wa Mulongwe hatagi mayai

Wamisionari walileta Uvira, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, mambo mengi: kengele, vitabu vya nyimbo, shule, zahanati, cherehani. Sungura wa Pasaka hawakumleta, wala si kwamba walimsahau bandarini. Hawakuwa naye.

Anza na Wabelgiji, maana ndio waliotawala. Mtoto wa Kikatoliki kwao huambiwa kwamba kengele za kanisa zimenyamaza tangu Alhamisi Kuu kwa sababu zimeruka kwenda Roma, na zikirudi kwa Pasaka hudondosha mayai bustanini. Kengele yenye mabawa! Baadaye wakaja Waitalia, mapadre Wasaveriani, waliofika Uvira mwaka 1958, miaka minne kabla Uvira haijawa jimbo la Kikatoliki. Pasaka ya kwao ni mkate mtamu wenye umbo la njiwa, na yai kubwa la chokoleti lililofichwa zawadi ndani. Kwa upande wa Waprotestanti, Wapentekoste wa Sweden walitia mguu Uvira mwaka 1921. Huko Sweden watu hufunga manyoya ya rangi kwenye vijiti na kuvisimamisha ndani ya chupa, huku watoto wakivaa kama vikongwe wachawi na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Nina hakika habari za wachawi hao hazikuingia kwenye mahubiri. Wenzao Wanorwe ndio wa ajabu zaidi: Pasaka ikifika hupanda milimani na kujifungia kusoma riwaya za upelelezi.

Sungura ni wa Wajerumani. Daktari mmoja, Georg Franck von Franckenau, alimwandika mwaka 1682, akieleza jinsi watu wa Alsace na majirani zao walivyowaaminisha watoto kwamba yuko sungura anayetaga mayai na kuyaficha majanini. Yeye mwenyewe, kwa udaktari wake, alijali zaidi madhara ya kula mayai kupita kiasi. Wahamiaji wa Kijerumani wakamvusha bahari hadi Pennsylvania katika karne ya 18. Huko Marekani akanenepa, akageuka chokoleti, akaingia madukani, na siku hizi anaingia kwenye simu. Cha kuchekesha ni kwamba zamani alikwisha kutukaribia. Wajerumani walikaa Usumbura, Bujumbura ya leo, mpaka Wabelgiji walipowatoa mwaka 1916, na usiku ukiwa mweupe taa za Bujumbura zinaonekana ng'ambo ya ziwa kutoka mtaa wetu wa Mulongwe. Sungura hakuvuka.

Sasa kila Machi picha zake zinafika zenyewe: sungura weupe wenye utepe wa waridi shingoni, wamekaa madirishani kati ya mayai yaliyopakwa rangi, na maneno ya kuhimiza watu wajitengenezee nyumbani mapambo ya majira ya kuchipua. Anayejua kushika sindano akiona picha ya namna hiyo vidole vinamwasha. Sina ugomvi na kuiga. Nusu ya ufundi wa dunia ni kuiga. Ugomvi wangu ni kuhusu sungura yupi.

Kule kaskazini sungura na yai wana sababu ya kukutana. Kuku asiyewashiwa taa hupunguza kutaga au huacha kabisa siku zikiwa fupi. Anataka mwanga wa saa kama 14 ili atage vizuri. Baridi ikiisha mwanga unarudi na mayai yanarudi, na kwa kuwa zamani Kanisa lilikataza mayai wakati wa Kwaresima, yalikuwa yakilundikana jikoni mpaka Pasaka. Wakati huohuo majani ya mashambani bado ni mafupi, kwa hiyo sungura pori huonekana mchana kweupe wakikimbizana na kupigana ngumi. Mara nyingi anayepiga ni jike, amechoka kusumbuliwa na dume. Mtu aliyetoka kwenye miezi ya theluji akiona mayai na ngumi hizo kwa wiki moja, ana haki ya kutunga hadithi.

Sisi theluji hatuna. Uvira iko digrii 3 na kitu kusini mwa ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, na kuku hutaga akipenda. Pasaka, ambayo huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, hutukuta ndani ya mvua. Mvua yenyewe si ya kuandikiwa mashairi tu. Mwaka 2020 Pasaka ilikuwa tarehe 12 Aprili. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, watu wakasali majumbani. Siku chache baadaye, tarehe 16 na 17, mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani na mawe na matope, ukabomoa maelfu ya nyumba na kuua makumi ya watu. Fotei, rido, magodoro, masanduku ya nguo, vyote vilifuata maji. Anayeandika habari za kupamba nyumba Mulongwe bila kuzitaja siku hizo mbili anaandika habari za mji mwingine.

Kwa hiyo pambo la hapa lina masharti yake. Liwe jepesi. Liweze kufuliwa na kukauka. Liingie ndani ya beseni pamoja na sahani mtu akilazimika kuondoka usiku. Na lisiwe la bei ambayo maji yakilichukua mwenyewe atalia mara mbili. Kitambaa kinatimiza yote haya. Udongo na karatasi ya gundi havitimizi, hata vikipendeza vipi kwenye picha.

Na kitambaa ndicho tunachokijua. Sindano ndiyo iliyohimizwa na Wabelgiji kuliko kengele za kuruka. Hapo ng'ambo, Usumbura, kati ya 1946 na 1960, ilikuwako Foyer Social, nyumba ya mafunzo ambako wake wa wafanyakazi wa mjini walifundishwa kupika, kufua, kupiga pasi, kushona na kufuma, kisha walimu wao wa Kizungu wakawafuata majumbani kuona kama wanayafuata waliyofundishwa. Nyumba za namna hiyo zilikuwako pia katika miji ya Kongo. Mwanahistoria wa Kimarekani Nancy Rose Hunt aliiandikia ile ya Usumbura makala mwaka 1990, na ukiisoma unaona wazi kilichotakiwa: mke wa Kiafrika aliyekatwa kwa kipimo cha mke wa Kibelgiji. Kipimo kile kilikufa na utawala wake. Kroshe haikufa. Wamama waliishika wakaigeuza kuwa yao, wakaitumia kwa zawadi za arusi, kofia za watoto wachanga, vitambaa vya kuuza ada ya shule inapodaiwa. Mpaka leo ukiingia saloni ya mtu anayejiheshimu, kila mgongo wa fotei umevaa kitambaa chake cha kufuma, meza ina chake, televisheni ina chake, na hata ile redio isiyolia tena haikuachwa uchi.

Juu ya fotei hiyo ndipo nataka sungura akae, na tunaye. Alikuwako kabla ya Kwaresima ya kwanza kufika kwenye ziwa hili. Warundi na Wanyarwanda humwita Bakame. Kwa Kiswahili ni Sungura tu, mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno, anayemuuza Fisi asubuhi na kumkopa jioni. Waafrika waliochukuliwa utumwani walivuka naye Atlantiki, na mwaka 1880 Joel Chandler Harris akachapisha hadithi zake huko Marekani kwa jina la Brer Rabbit. Nchi ileile iliyompokea sungura wa mayai kutoka kwa Wajerumani ilikuwa na sungura wetu pia, na wa kwetu ndiye aliyekuwa na akili.

Katika visa vyake kipo kimoja ambacho kinalifaa ziwa letu kama kwamba kilitungwa hapa, ingawa kinasimuliwa sehemu nyingi za Afrika, pengine kobe akishika nafasi ya sungura. Sungura anamwendea Tembo, anamwambia, wewe ni mkubwa bure, tukivutana kamba nitakushinda. Tembo anacheka, anakubali. Sungura anateremka majini, anamwambia Kiboko maneno yaleyale. Anawapa kila mmoja ncha yake ya kamba, anajificha katikati kwenye matete, anapiga mbinja. Wakubwa wawili wanavutana mpaka jua linazama, kila mmoja akishangaa nguvu za kiumbe kidogo vile. Tembo hatumwoni tena upande huu, lakini viboko tunao kwenye mdomo wa Ruzizi, na anayekaa karibu na maji hahitaji kuambiwa uzito wao. Mayai ya rangi hayawezi kushindana na kisa hicho juu ya meza ya Pasaka, watoto wakiwa wamekaa kusubiri samaki wa mikeke waive.

Sasa kazi yenyewe. Usimtengeneze mweupe. Sungura mweupe mwenye macho mekundu ni wa kufugwa, na ukoo wake ni wa Ulaya. Sungura pori wa nyika zetu ana rangi ya udongo na majani makavu. Ncha za masikio ni nyeusi. Mkia ni mweusi juu, mweupe chini, na miguu ya nyuma ni mirefu kama kwamba aliazima ya mnyama mwingine. Rangi hiyo huhitaji kuinunua. Chukua shuka jeupe lililochakaa, likate, lichemshe ndani ya chai kavu iliyokolezwa sana, liache humo nusu saa au zaidi, ulisuuze kwa maji yenye chumvi au siki kidogo. Litatoka na hudhurungi isiyo sawasawa, lenye madoa hapa na pale, na madoa hayo ndiyo manyoya. Maganda ya vitunguu nayo hutoa rangi, yenye wekundu zaidi, na nyumba inayopika ndagala haikosi maganda. Maji hayohayo ya vitunguu yakichemshiwa yai jeupe hulipaka rangi ya shaba, kama mtu bado anataka yai lake.

Tumbo na ndani ya masikio viwe vya kikwembe, yaani kitenge. Hapa mji umejaa utajiri unaotupwa: chini ya kila cherehani kuna rundo la vipande ambavyo fundi huvifagia jioni. Mwombe kabla hajafagia. Chagua michoro midogo, kwa sababu ua kubwa likikatwa kwa sikio la sungura linabaki doa lisiloeleweka.

Chora mwili kwenye kartoni ya sabuni: kichwa na kiwiliwili pamoja, urefu wa kiganja na nusu, kisha masikio na miguu pembeni. Makosa ya wanaoanza yako kwenye masikio. Wanayafanya mafupi, na sungura anageuka panya au paka. Sikio liwe refu kama uso wote, au lipite kidogo. Kunja kitambaa, pande nzuri zitazamane, kata ukiacha sentimita moja ya kushonea, shona kuzunguka, acha mdomo wa vidole viwili chini ya tumbo. Kabla ya kugeuza, kata vijichanjo vidogo kwenye mikunjo ya shingo na kwapa bila kuufikia mshono. Usipofanya hivyo shingo itajikunja na sungura atatazama chini milele kama aliyefiwa. Geuza, sukuma pembe kwa nyuma ya kalamu, jaza.

Kujaza ni somo peke yake katika mji wa mvua. Usijaze nafaka, mchele wala maharage, kama baadhi ya mafunzo ya mtandaoni yanavyosema ili pambo liwe na uzito. Wadudu na panya wa Mulongwe watakushukuru. Pamba ni nzuri ila hunywa unyevu, na pambo lililolowa Aprili linanuka mpaka kiangazi. Sponji ya godoro kuukuu, iliyofuliwa na kukatwakatwa vipande vidogo kama njugu, hukauka haraka kuliko pamba. Uzito wa chini ili akae wima utoke ziwani: mchanga uliooshwa, ukaanikwa mpaka ukakauka kabisa, ukafungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya kijifuko cha kitambaa. Masikio yakilegea, weka ndani ya kila moja kipande cha ukosi wa shati la zamani, ule mgumu ambao fundi aliutia karatasi yake. Waya husimamisha vizuri zaidi, lakini waya hutoboa, na kitu cha sebuleni kitaishia mikononi mwa mtoto hata kama ulikitundika kwenye dari. Kwa sababu hiyohiyo macho yadariziwe kwa uzi mweusi. Kifungo hung'oka na mtoto mchanga hukimeza. Doa moja la uzi mweupe ndani ya jicho, juu kidogo ya kati, ndilo linalompa ule mtazamo wa mtu mwenye mpango.

Kwa wenye kroshe, njia ni nyingine na ni ya polepole. Kichwa huanza na vitanzi 6 kwenye duara, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24, wa tano 30. Fuma mizunguko kama 6 bila kuongeza wala kupunguza, halafu rudi ulikopita: 24, 18, 12, ukijaza kabla tundu halijawa dogo. Wajapani wamefanya wanasesere wa namna hii kuwa ufundi wenye jina lake, amigurumi, na siri yao ni kukaza: tumia sindano ndogo kuliko uzi unavyotaka, la sivyo sponji itachungulia kati ya vitanzi. Mwili ni hesabu ileile ila mrefu zaidi. Masikio huanza na vitanzi 6, yanafika 12, kisha yanaendelea tu mpaka urefu utoshe, na mizunguko mitatu ya kwanza, iliyo nchani, ifumwe kwa uzi mweusi.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuuza ni ashone, asifume. Sungura wa kikwembe anaweza kumalizika alasiri moja kama cherehani haina mgomo. Wa kroshe hula siku, na sijaona mnunuzi anayekubali kulipia siku hizo. Wa kroshe mpe mtu unayempenda. Na usimvalishe utepe wa waridi. Wale wa utepe watakuja dukani kwa makontena, bei chini, na hutawaweza. Mwenye ncha nyeusi za masikio na tumbo la kikwembe hakuna kiwanda kinachomtengeneza.

Hapa Kivu wapo pia sungura hai, wanaofugwa nyuma ya nyumba pamoja na simbilisi. Wanyama hawa wadogo wamezisaidia familia nyingi wakati ambapo ng'ombe na mbuzi walikuwa wakiporwa, kwa kuwa wanafichika na wanaongezeka upesi. Mimba ya sungura ni siku kama 31 tu. Siku ya Pasaka huenda mmoja wao akawa mezani kwa namna nyingine. Mtoto akiuliza kwa nini huyu amekaa kwenye fotei na yule yuko sufuriani, mjibu mwenyewe, mimi simo.

Imebaki kamba ya kile kisa cha Tembo na Kiboko. Pambo la kweli la Pasaka ya Uvira, kabla ya picha za simu, ni majani ya mchikichi. Jumapili ya Matawi watu hurudi nayo kutoka kanisani na Wakatoliki huyachomeka nyuma ya msalaba au juu ya mlango, yakae humo yakikauka hadi mwaka unaofuata, yarudishwe na kuchomwa kuwa majivu ya Kwaresima. Yale yaliyobarikiwa usiyaguse. Lakini aliyekata matawi hubakiwa na mengine, na humo ndimo utapata kamba: chana ukuti ungali mbichi, toa ule uti wa katikati, chukua nyuzi tatu nyembamba, zisuke urefu wa meza. Msuko huo ukikauka unakuwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, na una nguvu kuliko unavyoonekana.

Laza kamba katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma. Sungura akae kati, nyuma ya kopo lililosimamishwa matete machache, amekunja mikono. Tembo ncha moja, Kiboko ncha nyingine. Tembo ni rahisi. Mkonga ni soksi ya mtoto iliyojazwa, masikio ni vipande viwili vya jinzi. Kiboko ndiye atakayekutesa. Miguu yake ni mifupi mno, kichwa ni kizito, na usipompa mchanga wa kutosha matakoni anaanguka kifudifudi kabla mchezo haujaanza. Mdomo wake usiushone kwa mstari mmoja: kata kitambaa cha waridi peke yake kwa ndani, ukiache wazi kidogo, upachike meno mawili ya shuka jeupe lisilopita kwenye chai, na kamba ipite katikati yake. Macho na masikio yawe juu kabisa ya kichwa, karibu karibu, kwa sababu ndivyo anavyotuchungulia kutoka majini.